Muulize Fundi: Video inaganda, nimlaumu nani?

Mwezi huu maswali yaliyoingia karibu yote ni kilio kimoja, video zinaganda. Wengine wanalaumu kampuni, wengine wanalaumu TV, kuna mmoja ameandika kurasa mbili akilaumu shemeji yake aliyemuuzia rauta. Nimechukua machache, mengine yanafanana na haya kwa hiyo usiposoma jina lako usinune, jibu lako limo humu humu.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina watoto wawili, tunakaa Tabata, tumefunga faiba ya Mbps 20 huu mwezi wa sita sasa. Mchana inaenda vizuri tu ila ikifika saa 2 usiku tamthilia inaanza kuganda, kaduara kanazunguka weee mpaka usingizi unanichukua. Nimepiga huduma kwa wateja mara tatu, wananiambia dada kwetu mtandao uko sawa, halafu wananishauri nihamie kifurushi cha 40. Mume wangu yeye anasema tuhame kampuni kabisa. Tufanyeje? (Mama Wawili, Tabata)

JIBU: Mama Wawili salama, na pole. Kwanza hela yako ishike hapo hapo, usipandishe kifurushi na mwambie baba asihame kwanza. Mbps 20 (Mbps ndiyo kipimo cha spidi ya intaneti) kwa tamthilia moja ni nyingi mno, YouTube wenyewe wanasema video ya 1080p, yaani picha safi ya HD kamili, inataka kama Mbps 5, Netflix nao 5, na ile ya 720p, HD ya chini yake, ambayo kwenye TV ya inchi 32 ukikaa kwenye kochi hutaona tofauti ya maana inataka kama 2.5 mpaka 3. Yaani nyumba yako wanaweza kuangalia watu watatu vitu vitatu na bado ikabaki. Sasa kama inaganda ina maana hizo 20 hazifiki kwenye TV, zinapotelea njiani, na kabla hujatoa shilingi inabidi ujue zinapotelea wapi.

Njia yenyewe igawe mara mbili, kuna kutoka kampuni mpaka kwenye rauta yako, na kuna kutoka kwenye rauta mpaka kwenye TV. Yule dada wa simu anaona kipande cha kwanza tu, kwa hiyo akikwambia kwao sawa inawezekana kabisa hakudanganyi, ila sebuleni kwako hapaoni.

Leo usiku muda ule ule inapoganda fanya hivi. Waambie watoto waache kila kitu dakika tano, zima na TV. Chukua simu yako, zima data ubaki na waifai, simama hatua moja kutoka kwenye rauta, fungua fast.com. Huo ni ukurasa wa Netflix wa kupimia spidi, hauna mambo mengi, ukifungua namba inakuja yenyewe. Iandike kwenye karatasi. Halafu tembea na simu hiyo hiyo mpaka pale TV ilipo, pale pale ukutani siyo kwenye kochi, pima tena, andika. Kesho mchana rudia zote mbili. Utakuwa na namba nne na saa zake.

Ukikuta kwenye rauta 18 na kwenye TV 3, ugonjwa uko ndani ya nyumba, hata ukilipia 40 utapata 3 ile ile, tofauti itakuwa kwenye mfuko wako. Ukikuta hapo kwenye rauta mchana 19 usiku 4, basi hapo ni kampuni, wamejaza wateja wengi kwenye njia moja na wote mnarudi nyumbani saa moja, na sasa una karatasi ya kuwasomea siyo tena kusema "inaganda ganda". Karatasi yenye tarehe na saa inawafanya wamtume fundi, nimeshuhudia mara nyingi.

Mimi lakini ningeambiwa nibeti ningebeti kwenye nyumba. Sababu ni hii: nikiitwa mahali swali langu la kwanza ni rauta iko wapi, na rauta za kwetu nazijua zinakaa wapi. Iko nyuma ya TV, imefunikwa kile kitambaa cheupe cha kudarizi, juu yake chombo cha maua ya plastiki, pembeni picha ya harusi. Nyumba moja Sinza niliikuta imefungiwa ndani ya kabati la vyombo na funguo anayo mama, eti watoto wanachezea taa zake, imezungukwa na masufuria ya wageni kama mgonjwa na ndugu zake. Waifai ni mawimbi jamani, yakikutana na chuma yanarudi, yakikutana na ukuta wa zege lenye nondo yanachoka, yakikutana na tangi la maji au kioo kikubwa cha kujitazama ndo kabisa. Itoe huko, iweke mahali pa wazi usawa wa kichwa hivi, antena zisimame, na hicho kitambaa kipeleke kwenye kochi kikafunike pale palipochanika.

Sasa utauliza mbona mchana inakubali? Kwa sababu ya majirani. Waifai ya kawaida inatumia bendi, yaani njia ya mawimbi, ya GHz 2.4, na kwenye hiyo bendi chaneli ambazo haziingiliani ni tatu tu, 1, 6 na 11. Tabata nyumba zimebanana, kila nyumba ina rauta, hesabu mwenyewe ukifungua orodha ya waifai kwenye simu unaona majina mangapi. Mchana wako kazini, saa 2 usiku wote wamewasha, inakuwa kama kitchen party kila shangazi anaongea na hakuna anayesikia. Maikrowevu nayo inapiga humo humo kwenye 2.4, na spika za bluututhi pia. Rauta nyingi za faiba zina bendi ya pili, ya GHz 5, ile ambayo jina lake la waifai linaishia na 5G (siyo 5G ya simu, ni jina tu). Hiyo ina nafasi tele ila ukuta haipendi. Kama rauta na TV vinaonana, unganisha TV kwenye hiyo leo leo.

Ila ukitaka kumaliza kesi moja kwa moja chomeka waya. Ndiyo, waya! Watu siku hizi wanaona waya ni ushamba ila mimi fundi kwangu TV iko kwenye waya. Nenda duka la kompyuta waambie waya wa intaneti Cat5e, wa mita 5 au 10 unavyopima mwenyewe, upande mmoja kwenye rauta mwingine nyuma ya TV. Tundu la TV nyingi mwisho wake ni Mbps 100, usijali, hata 4K, ile picha kali kuliko 1080p, inataka 15 mpaka 20 tu.

Jambo la mwisho kwako, paswedi. Umeshawapa wangapi? Mwezi uliopita kuna mzee nilifungua rauta yake nikakuta vifaa 23 vimeunganishwa na nyumbani wako wanne. Kijana wa duka la jirani alipewa paswedi siku moja atume hela, akaigawa kwa mtaa mzima. Badilisha, halafu usiiandike ukutani.

Na kwa wale wanaonitumiaga picha kwamba wamelipia 20 na wakipakua kitu kompyuta inaonyesha 2.5, hamjaibiwa. Kampuni inahesabu kwa biti, kompyuta inahesabu kwa baiti, baiti moja ni biti 8. Gawanya 20 kwa 8.

SWALI: Kijana, mimi ni mstaafu niko Moshi. TV yangu alininunulia mwanangu mwaka 2012. Juzi umeme ulikatika siku mbili, uliporudi YouTube kwenye TV inaniandikia haina muunganisho, lakini simu ya mama yenu inacheza kwa waifai hiyo hiyo. Kijana wa dukani ameniambia TV imekufa ninunue nyingine. (Mzee Mstaafu)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. TV haijafa, na huyo kijana wa dukani ana TV za kuuza. Naomba uingie kwenye setingi uangalie tarehe. TV ikikaa bila umeme muda mrefu inaweza kusahau leo ni lini, ikiwaka inajiona iko mwaka ilipotengenezwa au hata 1970. Sasa huko YouTube na kwingine kote kabla ya kufunguliwa mlango TV inaonyeshwa cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. TV inayodhani ni 2012 inakiona hicho cheti ni cha miaka ijayo, inakikataa, inakuandikia hakuna muunganisho wakati waifai iko palepale. Weka tarehe ya leo, zima, washa.

Ikishindikana basi apu yenyewe imezeeka mzee, siyo TV. Inatokea, Desemba 2019 Netflix waliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011, TV nzima, kioo kinang'aa, ila apu ndo basi. Dawa yake siyo TV mpya, ni kijiti au kiboksi cha Android kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI kule nyuma pembeni ya king'amuzi. Mwanao aliyekununulia TV mwambie zamu yake haijaisha.

SWALI: Bro mi niko chuo Dodoma, geto tuna TV tunawasha hotspot ya simu yangu tunachek series. Bando la GB 10 limeisha usiku mmoja!! Na ilikuwa inaganda vilevile. Tunaibiwa au?

JIBU: Mdogo wangu hamjaibiwa, mmekula wenyewe. Netflix wanasema saa moja ya HD inaweza kufika GB 3, ile ya kawaida mpaka GB 1, 4K mpaka 7. GB 10 kwa HD ni masaa matatu na ushee, yaani epsodi tatu nne na mmoja wenu alikuwa chooni.

Kinachowaponza ni kwamba TV haijui kama inakunywa kwenye bando la mwanafunzi. Kwenye simu umeweka ile setingi ya kubana data, sawa, lakini hiyo ni ya simu, TV ikiona waifai inajua iko kwa tajiri, inavuta ubora wa juu kabisa inaoweza, na ikipata nafasi inapakua na apdeti zake humo humo bila kuaga. Kwenye YouTube ya TV bonyeza kile kigurudumu cha setingi uweke 480p, inataka Mbps 1.1 tu. Netflix ubora unapangwa kwenye akaunti siyo kwenye TV, ingia kwa simu kwenye profaili yako weka wa kati, hapo saa moja ni kama GB 0.7. Mnaangalia series za kupigana, mishipa ya shingo ya nini muione kwa 4K.

Kuganda nako, simu mmeiweka wapi? Najua, imelala kwenye godoro, iko kwenye chaja, imewaka moto. Simu ikipata joto inajipunguza nguvu yenyewe. Itoe kwenye chaja ikishajaa, iweke dirishani upande wenye mnara, juu ya kitu kigumu. Na wale mlio na kifurushi kinachoitwa hakina kikomo msome maandishi madogo, vingi vina kiwango ukikivuka spidi inashushwa mpaka mwezi uishe. Dalili yake ni rahisi, tarehe 1 inaruka, kuanzia tarehe 20 inatambaa, siku zote, mchana na usiku.

SWALI: Fundi, hapa Morogoro rauta inajizima na kujiwasha yenyewe tukiwa katikati ya muvi, hasa wote tukiwa nyumbani. Nimenunua mpya nayo inafanya hivyohivyo.

JIBU: Rauta mpya, lakini adapta ulichomeka ile ya zamani? Nakuuliza kwa sababu hili limenikuta mimi mwenyewe naona aibu kulisema. Nilibadilisha rauta mbili, nikagombana na kampuni yangu ya intaneti wiki nzima, kumbe siku ya usafi adapta zilibadilishana, ya rauta ikaenda kwenye kifaa kingine na ya kile ikaja kwenye rauta. Tundu linaingia safi, taa zinawaka, ila rauta inataka volti 12 na ile adapta ilikuwa ya 9. Vifaa viwili vinatulia, vikifika vitano inaishiwa pumzi inazima. Geuza rauta usome chini imeandikwa volti ngapi na ampea ngapi, halafu soma adapta, volti lazima zifanane na ampea za adapta zisiwe chini. Zikifanana basi toa ile ekstensheni iliyolegea ambayo ina pasi, friji na chaja nne, chomeka rauta ukutani peke yake uone.

SWALI: Hujambo fundi, tunakusoma huku Kilifi. Nimeweka Starlink, ile intaneti ya setilaiti, spidi nikipima napata 100 na zaidi lakini video ya live inakata kila baada ya dakika chache sekunde tatu nne hivi, halafu inarudi. Simu ya video na dada yangu aliye Doha ndiyo mbaya zaidi.

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Una mwembe? Au mnazi? Swali langu ni hilo tu. Starlink siyo kama dishi la king'amuzi linaloangalia setilaiti moja iliyotulia mahali pamoja, setilaiti zake ziko kama kilomita 550 tu juu na zinapita mbio, kwa hiyo dishi lako linarukia moja baada ya nyingine na linahitaji anga pana lililo wazi. Kila setilaiti ikipita nyuma ya tawi la mwembe unakatika sekunde kadhaa, ikitokea unarudi, ndiyo maana spidi ukipima ni nzuri na bado mambo yanakatika. Muvi ya kawaida huoni shida kwa sababu imeshapakua dakika nzima mbele, lakini live na simu ya video haina akiba ya kujificha. Fungua apu yake ukague vizuizi, unazungusha simu angani inakuchorea ni wapi pamezibwa. Panda dishi kwenye paa au kwenye nguzo ipite mti. Mwembe usiukate tafadhali.

SWALI: Mimi ni shabiki wa Yanga niko Magomeni, naangalia mpira kwa apu. Jirani ana king'amuzi. Kila goli nalisikia kwake kwanza, mi kwangu ndo kwanza wanapiga kona. Spidi nimeongeza mara mbili bado. Nateseka kaka.

JIBU: Pole sana, na hizo hela za kuongeza spidi zimeenda bure. Video ya intaneti inakatwa vipande vipande vya sekunde chache, kila kipande kinatengenezwa kwa ubora mbalimbali, kinapelekwa kwenye seva, yaani kompyuta zinazotunza video, na apu yako kabla haijaanza kuonyesha inajiwekea akiba ya vipande kadhaa ili mtandao ukiyumba usigande. Jumlisha hapo nusu dakika inaondoka bila mtu kukosea. Ya jirani inashuka kutoka angani moja kwa moja mpaka king'amuzi, naye anachelewa ila kidogo tu. Hata uwe na Mbps 500 yeye atashangilia kwanza. Unachoweza kufanya ni kuangalia kama umewahi kubonyeza pause, maana ukipause sekunde 20 unabaki nyuma sekunde 20 mpaka mwisho wa mechi, bonyeza neno LIVE urudi mbele. Na grupu la WhatsApp la matawi zima mlio. Zaidi ya hapo ni kufunga dirisha, au kubeba soda ukae kwa jirani.

SWALI: Mimi wa Mwanza. Mwaka 2024 mwezi wa tano intaneti ilisumbua nchi nzima, lakini YouTube kwangu ilikuwa inacheza baadhi ya video na kurasa nyingine hata hazifunguki. Ilikuwaje? Na ikitokea tena nibonyeze nini?

JIBU: Ilikuwa Jumapili tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania tukaumia kweli. Video zinazopendwa lakini hazisafiri kutoka Marekani kila mtu anapobonyeza, Google na Netflix wanaweka mashine zao za akiba ndani ya mitandao ya kampuni za intaneti, kwa hiyo wimbo ambao nusu ya mji wameshauangalia unatolewa hapo karibu. Kurasa ambayo seva yake iko Ulaya na haina akiba huku inabidi ipite baharini, na bahari siku hiyo ilikuwa imefungwa.

Ukiona tena YouTube inacheza na nyingine hazifunguki, muulize kwanza mtu wa kampuni tofauti kama na kwake ni hivyo. Kama ni hivyo kaa mbali na rauta. Hasa kile kitundu kidogo cha nyuma cha kubonyeza kwa pini, kile hakiwashi upya, kinafuta kila kitu pamoja na jina na paswedi ambayo fundi wa faiba aliingiza siku ya kufunga. Siku zile mbili tatu za Mei nilizunguka nyumba saba, zote intaneti ilisharudi ila rauta ilikuwa imeshafutwa na baba mwenye nyumba.